Mtani Haulizwi Mlangoni

Mwalimu Barnaba alichinja jogoo siku binti yake alipomaliza uuguzi, kabla hata matokeo hayajabandikwa. Hakuwa mtu wa pupa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Kianglikana nje kidogo ya mji wa Masasi, na katika umri wake wote hakuwahi kuona mtu aliyesomea kazi akakosa kazi. Yeye mwenyewe, alipotoka chuoni enzi hizo, barua ya serikali ilimkuta nyumbani hata vumbi la safari hajaliosha: shule imetajwa, tarehe imetajwa, na nauli juu.

"Wewe tulia," alimwambia Ethel huku akimmegea paja la jogoo. "Serikali inajua ulipo."

Serikali haikujua. Au ilijua ikanyamaza, maana hiyo ilikuwa tisini na nne, na mambo yalikuwa yamegeuka. Ilikuwa miaka ya ruksa na soko huria. Korosho, ambazo zamani mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, sasa zilifuatwa mpaka shambani na watu wenye malori na mizani zao. Mitumba ilitandazwa gulioni mpaka wazee wakavaa makoti ya baridi juani. Sabuni ilirudi dukani, sukari ikarudi, redio zikaimba kila kibanda. Kila mlango ulifunguliwa, isipokuwa ule mmoja aliousubiri Ethel. Ajira za serikali zilisimamishwa, na aliyezisimamisha hakuja Masasi kuwaeleza akina Mwalimu Barnaba.

Ethel akaenda wilayani, akaambiwa aende mkoani. Mkoani akaambiwa hakuna kibali, arudi wilayani asikilizie. Mwenda bure si mkaa bure, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakupanda lori la magunia kwenda Mtwara na kurudi, gauni jeupe limekunjwa kwenye mfuko lisichafuke.

Basi akashika jembe. Siku za kazi alikuwa shambani kwenye mihogo. Jumamosi alitia mkaa kwenye pasi akainyoosha ile sare ya chuo kana kwamba kesho ana zamu. Majirani hawakukosa maneno. "Nesi, mihogo umeshaichanja?" walimuuliza. Alicheka nao, maana ukikasirika ndiyo umewapa chakula. Lakini ilimuuma. Alikuwa amesomea ukunga pia, na chuoni alipokea watoto mpaka mkunga mkuu akasema mbele ya wenzake, "Huyu ana mikono." Sasa mikono hiyo ilikuwa ikipalilia. Na baba yake, ambaye hakuwahi kumlaumu hata kwa jicho, aliacha kukaa barazani jioni, kwa sababu hapo ndipo watu walipomuulizia habari za binti.

Msimu wa pili wa korosho ulipofunguka, ikashuka habari kutoka juu, Newala. Mnunuzi mmoja wa korosho, Mzee Hamidu, aliyeneemeka na soko huria, alikuwa amejenga zahanati yake mwenyewe kijijini Mkunya, kwa kuwa sheria sasa ilimruhusu mtu binafsi. Tabibu alikuwa naye, Dokta Gasper, mstaafu wa serikali. Sasa Hamidu alitafuta muuguzi mkunga.

Mwalimu Barnaba alikunja uso. "Zahanati ya mtu? Na huyo mtu akifilisika?"

"Baba, serikali haijafilisika, imenyamaza tu, na mimi nipo hapa nalima."

Mwalimu aliinuka akaingia ndani. Akatoa tranka la bati alilokwenda nalo yeye chuoni, akalipiga rangi ya buluu upya, akampakia binti yake. Wakapanda mlima pamoja, baba na mwana, juu ya magunia matupu ya mnunuzi mwingine. Walipofika Mkunya vumbi lilikuwa limewageuza wote wawili wekundu, kope na nyusi.

Mzee Hamidu aliwapokea vizuri, akawaagizia uji wa mtama, akamwangalia Ethel kutoka utosini mpaka viatuni. "Nitasema wazi mbele ya mzazi," alisema. "Mimi mfanyabiashara, Mwalimu, si misheni. Malaria Dokta Gasper anaiweza. Nesi namtaka kwa ajili ya chumba cha kuzalia. Nimekijenga, kitanda nimeweka, na hakuna mama hata mmoja aliyekilalia. Binti akae mpaka korosho za msimu huu ziishe. Wakija kuzaa hapa, kazi ni yake. Wasipokuja, nitampandisha lori langu mwenyewe nimrudishe kwako na heshima zote."

"Watakuja," alisema Ethel, kabla baba yake hajafungua mdomo. Hakujua alitoa wapi kiburi hicho.

Kesho yake asubuhi alivaa sare. Alikuta chumba cha kuzalia kimejaa magunia ya korosho, akayatoa. Akasugua sakafu kwa maji kidogo, maana juu kule maji hukusanywa kwenye matangi wakati wa mvua au hufuatwa chini bondeni, na anayeyamwaga hovyo hatazamwi kwa jicho zuri. Akachemsha vyombo. Akatandika kitanda. Kisha akakaa kusubiri, na alichopata ni vidonda, majipu, watoto wa kupimwa uzito na wazee wa kuchomwa sindano. Wajawazito walikuwepo, wengi tu. Walipita mbele ya zahanati wakamsalimu kwa adabu, wakaenda kuzalia kwa Bibi Mwanakombo.

Huyu Bibi Mwanakombo ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, mwanamke mkavu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Mabinti wa Mkunya aliwacheza unyago yeye, wakiolewa akawafunda yeye, wakizaa akawapokea yeye. Alikuwa na kidonda sugu mguuni, na kila asubuhi alikuja Ethel akisafishe. Ethel ni Mmakua, na bibi ni Mmakonde. Makabila hayo mawili ni watani, hivyo hapakuwa na siku kidonda kile kilisafishwa kimya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mmakua. Nyie mlikaa bondeni mkaogopa mlima mpaka mkaletwa na magunia."

"Tuliogopa kiu, bibi. Nyie wachimba ming'oko, mnaokula mizizi ya porini, maji mnayokunywa yalinyesha mwaka juzi."

Wagonjwa kwenye benchi walicheka mpaka wakasahau homa zao. Siku moja, kicheko kilipotulia, Ethel akauliza lililomkaa kooni. "Bibi, mbona akina mama hawaji kuzaa kwangu?"

"Umezaa?"

"Sijazaa."

"Umeolewa?"

"Bado."

"Basi umejijibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kidonda changu safisha, kidonda hakina siri. Lakini chumba cha uzazi haingii asiyezaa. Hukaa nje akachota maji. Nenda kazae, halafu urudi."

"Msimu utakuwa umeisha, bibi!"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi."

Benchi zima likaangua tena kicheko, na Ethel akacheka nalo, lakini alipoingia chumba cha dawa aliubamiza mlango kwa hasira. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakuweza hata kuwaita washamba. Yeye mwenyewe alichezwa, kikanisa, na sala juu, na makungwi wake wa Kianglikana walimfundisha neno hilohilo: siku ya uzazi mabinti hukaa nje. Bibi yake mzaa mama angesema vilevile alivyosema Mwanakombo. Kulitukana jambo lile kungekuwa kumtukana bibi yake.

Korosho zikaendelea kuanguka, mabibo yakanuka kijiji kizima, malori yakapakia. Katikati ya msimu akafa mzee mmoja jirani ya zahanati, na Ethel akaenda msibani kama mtu yeyote. Huko ndiko alikoona watani wakifanya kazi yao. Kaburi lilipokuwa tayari, fundi seremala Stefano, Mmakua mwenzake, aliruka ndani akajilaza chali. Akasema kaburi ni zuri, halina kunguni, yeye hatoki, marehemu atafutiwe jingine. Waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Ilibidi wafiwa wamkomboe kwa kuku ndipo akatoka. Kwa upande wa wanawake, Ethel naye aliukamata mwiko mkubwa wa ugali akaukalia. Msiba mzima ukabaki na njaa mpaka Mwanakombo, akisonya na kucheka, alipomkomboa kwa kikapu cha korosho za kukaanga. Ndivyo utani ulivyo: mtani akikamata kitu amekamata, na mwenye shida na kitu hicho hukikomboa.

Majuma machache baadaye, mchana, Dokta Gasper akiwa amekwenda Mtwara kufuata dawa, mwanamke mmoja alikuja mbio zahanatini, kanga imemvuka begani. Somoe, mjukuu wa Mwanakombo, alikuwa amejifungua. Mtoto mzima, kondo limetoka zima. Lakini damu haikati.

Ethel hakuuliza la pili. Alibeba mkoba, sindano, dawa, na kibuyu cha maji yaliyochemshwa, akakimbia. Kwenye mlango wa nyumba ya Mwanakombo wanawake watu wazima walikuwa wamejazana, wakimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Chimakonde. Walipomwona hawakumtukana. Walimzuia kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuliko ukuta.

"Mwanetu, tupe dawa tuipeleke sisi. Wewe hujazaa, huingii."

Kutoka ndani alisikia sauti ya Mwanakombo ikimwita mjukuu wake asilale. Ile sauti ya kuita ng'ambo ya bonde ilikuwa imepasuka. Ethel alitaka kulia. Alitaka kuwasukuma. Badala yake, akainua kidevu, akasema kwa sauti ya msibani, ile ya watani, ili hata aliye ndani asikie:

"Wamakonde! Mkifiwa, Mmakua hushuka kaburini kwenu akalala kabla ya maiti. Mmewahi kumuuliza kama alishawahi kufa?"

Wanawake wakakodoa macho.

"Hamkumuuliza! Kaburi mnaniachia nami sijafa, chumba cha uzazi mnaninyima kwa kuwa sijazaa? Mtani haulizwi mlangoni. Nimekamata mlango huu, na anayeutaka anikomboe baadaye!"

Halafu kule ndani ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitegemea saa ile, sauti ya Mwanakombo, nusu kilio nusu kicheko.

"Mpisheni," alisema. "Amesema kweli, mpumbavu huyu. Mpisheni upesi!"

Wakampisha. Ndani Ethel hakuwa na utani tena. Alinawa, akaweka kiganja kwenye tumbo la Somoe akalikuta limelegea, akalisugua mpaka alipohisi mji wa mimba unaanza kuwa mgumu chini ya mkono wake. Akampiga sindano. Akamsaidia kutoa mkojo. Akamwambia Mwanakombo amweke mtoto kwenye titi, na Mwanakombo akaweka bila kubisha, kwa vidole vilivyokuwa vimeweka mamia ya watoto. Wakakaa hivyo, mmoja juu ya tumbo, mmoja kichwani, wakitazama kanga zilizotandikwa chini ya Somoe. Damu ikapungua. Ikapungua tena. Somoe akafumbua macho akaomba uji, na Mwanakombo akageuza uso ukutani ili asionekane.

Ethel alitoka nje, sare yake nyeupe haitamaniki. Alikuwa na furaha ya namna ambayo hakuwahi kuijua hata siku ya kuvishwa kofia chuoni, na alirudi zahanatini polepole, kichwa juu, ili ajionee mwenyewe mtu anayetembea akiwa na furaha hiyo.

Sasa wewe msomaji unadhani kesho yake chumba cha kuzalia kilijaa. Hakikujaa. Mambo ya watu wazima huzungumzwa na watu wazima, tena taratibu, na Mwanakombo alikuwa ndani na Somoe akimkanda maji ya moto, haonekani hata kwa kidonda. Watu walimpa Ethel salamu nzito zaidi, wakamletea mbaazi na kuku. Mjamzito hata mmoja hakuja. Mvua zikaanza, vumbi likawa tope, na lori la mwisho la korosho likapakiwa.

Mzee Hamidu alimwita. Alikuwa hapendezwi na alilotaka kusema, na alilisema vilevile.

"Habari ya Somoe kijiji kizima wanaijua, na mimi nakushukuru, yule ni mtoto wetu. Lakini maneno yetu mbele ya baba yako yalikuwa nini?"

"Wakija kuzaa hapa."

"Wamekuja?"

"Hawajaja."

"Basi usiniwekee kinyongo, mwanangu. Chumba kile nikikirudishia magunia kinanilipa."

Ethel alipanga vitu vyake kwenye tranka la buluu, sare aliyoifua na kuinyoosha ikiwa juu. Alfajiri ya siku ya safari alivaa gauni la kawaida na kanga, akaagana na Dokta Gasper, tranka likarushwa juu ya magunia. Akawa anafikiria namna ya kuingia nyumbani bila kupita barazani kwa majirani. "Nesi, umerudia mihogo?" Alikuwa ameshaisikia.

Dereva alikuwa anajaribu kuwasha gari vigelegele viliposikika. Vilitoka upande wa nyumba ya Mwanakombo, vikaja barabarani, na nyuma yavyo wanawake, wengi, kanga zimefungwa kiunoni kama watu wanaokwenda kazini. Mwanakombo alikuwa mbele na kidonda chake. Hakumsalimu mtu. Alinyoosha kidole juu ya lori, na wanawake wawili wenye nguvu wakapanda kwenye tairi, wakalishusha tranka la buluu. Mwanakombo akalikalia katikati ya barabara, mbele ya bampa.

"Mtani amekamatwa," alitangaza.

Mzee Hamidu akatoka ndani na kanzu ya kulalia. "Bibi, mambo gani haya? Lori linachelewa."

"Liende. Nani kalishika? Sisi tumekamata Mmakua wetu. Alikamata mlango wangu akaniambia nitaukomboa baadaye. Nimekuja na mimi kukamata. Anayetaka kumwondoa hapa, amkomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mzalishaji mwingine aliye kama huyu. Unaye?"

Watu walikuwa wameanza kujaa, na tayari walikuwa wanacheka. Hamidu aliangalia kushoto na kulia kama mtu aliyepimiwa korosho kwa mizani mbovu. "Bibi, mimi sina ugomvi naye. Nyie ndio hamkuja kuzaa!"

"Tulikuwa tunazungumza," alisema Mwanakombo. "Tumemaliza."

Akawapisha waliokuwa nyuma yake. Wajawazito watatu walisogea mbele, kila mmoja na furushi lake la kanga na wembe mpya. Wa katikati alikuwa ameshika kiuno, jasho linamtoka kwenye paji la uso ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Ethel alimtazama mara moja tu akajua.

"Bibi, inuka," alisema.

"Siinuki. Nimekamata."

"Inuka, bibi, sare yangu imo humo ndani!"

Mwanakombo akainuka, akafungua tranka, akamtolea gauni jeupe, akalifunga tranka, akalikalia tena. Ethel alivaa sare yake chumba cha dawa, mikono ikikosa vifungo kwa haraka. Mkunga mzee aliwaachia wenzake tranka, akamfuata ndani na kukaa kichwani pa mama, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokubaliana bila kusemezana tangu siku ya Somoe: mmoja huku, mmoja kule. Jua lilipopanda, mtoto wa kwanza wa zahanati ya Mkunya alilia, msichana, sauti kubwa. Lori la Hamidu lilikuwa limeshaondoka bila abiria.

Miaka mingi baadaye, ajira za serikali zilipofunguliwa tena na wenzake wakatawanyika mawilayani, Ethel alikuwa bado Mkunya, msimamizi wa wodi ya wazazi iliyoongezwa ubavuni mwa zahanati. Naye aliolewa na kuzaa, na siku hiyo Mwanakombo alimpokea mwenyewe huku akimcheka kwa kuchelewa. Tranka halikurudi. Lilikaa chumbani kwa bibi mpaka bibi alipofariki, kisha likarithiwa na Somoe, aliyekataa katakata lisikombolewe.

Lakini yule aliyefaidi kuliko wote ni Mwalimu Barnaba. Habari ya kukamatwa kwa binti ilipomfikia, alipanda mlima na jogoo, akaenda moja kwa moja kwa Mwanakombo kumkomboa mwanawe, kwa adabu zote za utani. Mwanakombo alimpokea jogoo, akamla, na binti hakumtoa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mwalimu alitoa kiti chake akakiweka barazani, mahali pa wazi, na kuketi. Hakukaa sana kabla jirani hajapita. "Mwalimu, tunasikia nesi amepata kazi. Serikali imemwajiri?"

"Hapana," alijibu Mwalimu Barnaba, akakunja mguu juu ya mguu. "Ametekwa na Wamakonde. Nimekwenda kumkomboa, wamekataa kumuuza."

Akamwita na jirani wa pili aje aulize.